Tanki ilikuwa imejaa, lakini ng'ombe zikaambiwa zingoje mgeni wa heshima akate ribbon

Wakuu, salamu kwa wote, wa highlands na wa chini kwenye jua.

Hii story nimekaa nayo kwa koo muda mrefu. Leo naitoa. Sitaongeza chumvi, na kama kuna mtu hapa alikuwa huko siku hiyo, aseme kama nimedanganya. Majina nimebadilisha, shirika sitaitaja, place pia sitaitaja. Jua tu ni chini kupita Nanyuki, kule ukiangalia nyuma unaona mlima na barafu yake, ukiangalia mbele unaona vumbi.

Kwanza mnijue. Mimi ni Ndirangu, kijana wa Ruring'u, Nyeri. Plumbing sikusomea mahali. Nilianza kwa kufungua mifereji ya cucu yangu, yaani nyanya yangu, na kushindwa kurudisha. Cucu akanichapa. Nikaenda YouTube, nikarudi, nikarudisha. Hiyo ndiyo shule yangu.

Nilikuwa nafukuzwa kwa site kila mahali juu sina certificate. Mpaka siku moja jamaa anaitwa Gathogo akaniangalia nikifunga union, ile ya kuunganisha paipu, akasema, "Huyu ni wangu." Mwenye site akamwambia huyu kijana hana makaratasi. Gathogo akasema, "Makaratasi haikazi nati."

Tangu hiyo siku, wakuu, mtu akimsema Gathogo vibaya mbele yangu tunaonana sura. Sijali wewe ni nani. Nimeshawahi kushikana mashati na mtu Kagio sokoni juu alisema Gathogo anatumia paipu za bei ya chini. Nyanya za watu zilimwagika. Niliziokota zote nikarudisha, lakini maneno sikurudisha.

Haya. Turudi kwa maji.

Gathogo akapata kazi kwa hilo shirika. Borehole ilikuwa imechimbwa na watu wengine. Yetu ilikuwa kuweka pampu ya solar, kupandisha tanki kwa stendi, kupitisha paipu, na kujenga trough, yaani ile sinki ndefu ya simiti ng'ombe zinakunywa zikiwa zimejipanga. Wakaahidi kwamba hii ikienda poa, kuna sites zingine mingi huko huko watampea.

Gathogo alikuwa mtu wa kufunga vyoo vya kanisa na mifereji ya landlord. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake ya kwanza kubwa kabisa. Alikuwa anaamka akipiga mluzi. Bibi yake akaniambia, "Ndirangu, chunga huyu mzee wako asirukwe na akili na furaha."

Kazi tulifanya safi. Naongea hivyo bila aibu. Siku ya kwanza pampu ilipiga maji, nilisikia ile sauti ikipanda kwa paipu mpaka tanki, nikapiga nduru kama mtu ameona jini. Maji ilikuwa na chumvi kidogo lakini ilikuwa safi, baridi, mingi. Tanki ikajaa mpaka ikamwaga.

Watu wa huko ni Wasamburu, na walikuja kuangalia. Mmoja wao alikuwa Mama Naisula.

Huyu mama ako kwa kamati yao ya maji. Mrefu, shanga mpaka hapa kwa kidevu, na mdomo, wakuu, mdomo! Ilikuwa inakata kuliko hacksaw. Swahili yake ilikuwa ya kuvunja-vunja lakini alikuwa anaivunja mahali anataka. Siku ya kwanza kuniona kwa mtaro nikiwa nimejaa matope alisema, "Hii ndiyo fundi? Nilidhani ni nguruwe imetoroka Nyeri." Watu wote wakacheka. Na mimi na hasira zangu nikarudi kuchimba.

Sasa sikizeni hapa vizuri, juu hapa ndipo story iko.

Kule chini ng'ombe hazikunywi maji vile zetu zinakunywa. Ng'ombe ya cucu yangu iko kwa boma, inangoja. Unatoka church, unabadilisha nguo, unapelekea yeye ndoo. Ukichelewa inalia kidogo, majirani wanakusema, basi.

Kule maji ni zamu. Wanachimba visima kwa mchanga wa laga, ule mto haina maji, wanachota na karai mpaka ng'ombe zishibe. Na kila boma iko na siku yake. Leo ni boma hii, kesho ni boma ile. Ng'ombe inakunywa leo, inaenda mbali kutafuta nyasi, inarudi siku yake ikifika. Ukikosa siku yako, usitegemee kuingia siku ya mwenzako. Unangoja mpaka zamu irudi. Na kwa ukame kama ule ulikuwa huko wakati huo, ng'ombe ikiruka zamu, unaanza kuhesabu mbavu.

Hii maneno ilisemwa kwa mkutano. Mimi nilikuwa hapo nikikula mandazi ya shirika. Coordinator wa project alikuwa dada mmoja wa kutoka Kangema, sisi tulikuwa tunamuita Madam tu. Wakuu, mimi sina shida na watu wa Kangema. Lakini mtu amezaliwa kwa majani chai, mahali nguo ikianikwa Jumatatu inakauka Ijumaa, ndiye anakuja kupanga kiu ya watu.

Madam akasema siku ya kufungua lazima wanyama wote waje. Boma zote. Siku moja. Kutakuwa na drone, na mgeni wa heshima anatoka ng'ambo, mzungu mkubwa wa shirika, na wanataka picha ya ng'ombe zimejaa mpaka mwisho wa macho.

Mama Naisula akasimama. Akasema, "Leta boma moja. Hiyo ya siku yake. Zile zingine waende kwa laga."

Madam akacheka ile kucheka ya ofisi. "Mama, ni siku moja tu."

"Hata kufa ni siku moja tu."

Hapo mandazi ilinipitia pua.

Lakini Madam hakusikia. Akasema boma ambayo haitakuja itaonekana kama haitaki hii maji. Sasa ungekuwa wewe ungefanya nini? Watu wakakubali.

Na ile siku iliyochaguliwa ilikuwa siku ya Mama Naisula kwa laga. Mumewe alikufa, vijana wake wako mbali na mifugo zingine, hizo ng'ombe za nyumbani ni zake yeye kuangalia. Akaacha kisima chake, jirani akakichukua. Akaleta ng'ombe zake zote kwa maji yetu. Yaani zikikosa kukunywa hapo, hakuna mahali pengine. Mshike hiyo.

Ngoja niweke simu kwa chaji narudi.

...

Nimerudi. Stima ya Ruring'u mnaijua.

Siku ikafika. Wakuu, ungedhani ni harusi. Tent nyeupe, viti vimefungwa kitambaa na maua ya plastiki nyuma. Meza ya wageni iko na chupa za maji. Maji ya chupa! Zimepangwa kama askari, kila kiti na chupa yake. MC alitolewa Nyeri town, yule wa kusema "bwana harusi asimame" kila Jumamosi. Kulikuwa na spika za kutosha kutangazia Karatina yote.

Trough yetu ikafungwa ribbon nyekundu kuzunguka. Na valve, ile ya kufungulia maji kutoka tanki kuingia trough, ikafungwa kabisa. Order ya Madam. Trough ilikuwa kavu kama mfupa. Mgeni wa heshima ndiye angekata ribbon, azungushe valve na mkono yake, maji ya kwanza itoke, ng'ombe zikimbie kukunywa, drone ikiwa juu. Madam alikuwa amechora yote kwa kichwa kama sinema.

Spana ya kulegeza ile valve ilikuwa kwa mfuko wangu. Tuliikaza sana ndio mtoto asifungue na mchezo. Gathogo akaniambia, "Ndirangu, wewe ndiye askari wa hii maji. Mpaka mgeni afike, usimpee mtu hiyo spana."

Nikasema sawa mdosi. Kwisha.

Ng'ombe zilianza kufika asubuhi. Kwanza unaona vumbi, halafu unasikia kengele, halafu unaona pembe. Boma moja, ya pili, ya tatu. Mbuzi nazo. Ngamia za mtu fulani zikasimama kando zikituangalia na ile dharau yao. Nimeishi maisha yangu yote na ng'ombe mbili kwa boma. Sikuwa najua ng'ombe zinaweza kujaa hivyo.

Mgeni alikuwa afike asubuhi. Asubuhi ikaisha.

Simu ikapigwa, watu wa mgeni wakasema wametoka Nanyuki. Baadaye simu ikapigwa, wakasema wanatoka Nanyuki. Mnaelewa hiyo? Walikuwa wametoka halafu wakawa wanatoka. Kumbe walisimama kukula nyama.

Jua nayo haikungoja mtu.

Ng'ombe zilikuwa zinanusa maji. Wewe unaweza kuona tanki haivuji hata tone, lakini ng'ombe inajua. Zilikuwa zinasukumana zikikuja, morani, wale vijana wao, wanazirudisha na fimbo. Mafahali za boma tofauti zikaanza kupigana. Mtoto wa mbuzi akakanyagwa. MC kwa mic anasema, "Wangapi wanafurahia maji? Sijasikia! Piga makofi ya kilo!"

Morani mmoja akakuja mahali nilikuwa nimesimama kwa valve. Amejipaka, amesukwa, ananukia vizuri kuniliko.

"Wewe hapa unachunga nini?"

"Nachunga maji."

"Maji inachungwa? Iko na miguu?"

Nikamwambia arudi nyuma kabla tuonane vibaya. Nikamsukuma kidogo. Yeye hata hakukasirika. Aliangalia mkono wangu kwa kifua chake vile mtu anaangalia nzi, akaenda akiwaambia wenzake kitu, wakacheka mpaka wakainama.

Mimi nilikuwa tayari kupigana na hao wote kwa ajili ya Gathogo. Wote, pamoja na mikuki. Nawaambia ukweli.

Wakina mama wakaanza kuimba. Wimbo wa chini chini, wa kurudia rudia. Madam alikuwa kwa simu, nikamsikia, "Usijali, community iko very excited, saa hii wanaimba."

Mama Naisula alikuwa karibu. Nikamuuliza wanaimba nini.

"Tunaimbia ng'ombe zitulie. Zisiue nyinyi."

Halafu nikaona moja ya ng'ombe zake, ya madoa, imepiga magoti. Ikajaribu kuinuka. Ikalala. Sio ile kulala ya kupumzika. Kichwa ilikuwa chini kwa vumbi.

Mama Naisula akaiendea, akaishika sikio, akaiongelesha. Akainuka akanijia mimi. Safari hii hakuwa na mzaha kwa uso.

"Kijana. Maji iko ndani ama hakuna?"

"Iko, mama."

"Imejaa?"

"Imejaa."

"Sasa inangoja nini?"

"Mgeni."

"Mgeni ako na kiu?"

Wakuu.

Mimi ni mtu wa maneno. Hapa kwa jukwaa mnanijua, nimebishana na watu hapa mpaka moderator akanipea likizo. Lakini pale nilishika tu ile spana kwa mfuko, kama mjinga wa kijiji.

"Hii siku ilikuwa yangu kwa laga," akasema. "Niliacha. Hii ikikataa, mimi naenda wapi?"

Nikaenda kwa Gathogo. Alikuwa nyuma ya pickup, jasho inamtoka.

"Mdosi, tufungue kidogo tu. Hao wa kwanza wakunywe. Tutafunga, hakuna mtu atajua."

"Trough itakuwa imelowa, Madam ataona. Alisema maji ya kwanza. Ya kwanza, Ndirangu."

"Kuna ng'ombe inakufa pale."

"Sio yako." Lakini alisema akiangalia tairi. "Sio yako, sio yangu. Ukigusa hiyo valve hizo sites zingine tusahau. Tunarudi vyoo vya landlord. Unaelewa? Mimi niko na watoto."

"Naelewa."

"Basi kaa chini."

Nikakaa chini. Haki nilikaa. Nilikaa kwa kivuli ya pickup nikajiambia huyu ndiye mtu alinichukua nikiwa sina mbele wala nyuma, akisema nikae, nakaa.

Lakini nilikuwa naona ile meza. MC alifungua chupa ya maji, akakunywa nusu, nusu nyingine akajimwagia kwa kichwa, akajipanguza na kitambaa ya kiti. Akarudi kwa mic. "Makofi kwa mgeni wetu ambaye ako njiani!"

Hapo ndipo nilisimama.

Sikuwa nimefikiria kitu, nisiwadanganye. Miguu ilienda. Nilisikia Gathogo akiita, "Ndirangu! Ndirangu! We, Ndirangu!" Madam naye akaona naelekea wapi, akaanza kukimbia na viatu vya mjini, zikazama kwa mchanga.

Nikaingiza spana. Nikalegeza. Nikazungusha mpaka mwisho.

Maji ikapiga simiti.

Wakuu, mmewahi kuona ng'ombe mia na mia zikisikia sauti moja? Zote ziliinua kichwa.

Halafu zikakuja.

Ribbon ilienda na ng'ombe ya kwanza, ikaivaa kwa pembe kama mrembo. Zile za kando hazikuona njia kwa trough, zikapitia kwa tent. Tent ikainuka, ikatembea kidogo na miguu ya ng'ombe chini yake, ikalala. Viti vya harusi viliisha. Maua ya plastiki yaliliwa na mbuzi. MC nilimuona juu ya lori ya spika, sijui alipanda na nini, na bado ako na mic, anasema "Yesu, Yesu, Yesu" kwa volume ya Karatina. Watu wa Nyeri wote walikuwa juu ya magari. Madam alikuwa juu ya bonnet ya pickup yetu, na viatu hana.

Na hapo ndipo niliona maajabu. Mluzi moja. Yule morani wa kuniuliza kama maji iko na miguu. Akapiga mluzi, wengine wakaitikia, wakaingia katikati ya pembe kama mtu anaingia sokoni. Kwa muda mfupi tu walikuwa wamezitenga. Mbuzi nyuma. Mafahali kando. Zenye zimechoka mbele. Kundi moja inakunywa, inatolewa upande ile, nyingine inaingia. Hakuna mtu alitumia mic.

Ng'ombe za Mama Naisula ziliingia kati ya zile za kwanza, na zikakunywa. Niliziona na macho. Zilikunywa mpaka tumbo zikasimama.

Lakini ile ya madoa haikuweza kufika.

Nikachukua mtungi, nikajaza, nikabeba. Unajua hiyo ni akili ya kwetu, ng'ombe haiji kwa maji, maji inaenda kwa ng'ombe. Nilikuwa nimebeba vibaya, inanimwagikia kwa miguu, halafu nikasikia mtu ameshika ule upande mwingine. Kuangalia, ni Gathogo.

Mama Naisula akatuona tukikuja tukiyumba. "Wakikuyu na ng'ombe," akasema. "Mnapelekea yeye maji kwa kitanda kama mgonjwa." Lakini aliinua kichwa ya ile ng'ombe akaiweka kwa paja yake, tukaimwagia kwa mdomo pole pole. Ilikunywa kidogo. Morani wakakuja wakaishika mkia na mabega kuisimamisha. Ikasimama nusu. Ikaanguka.

Hatukuisimamisha tena.

Sasa mnadhani story imeisha. Ngojeni. Mgeni wa heshima alifika.

Gari kubwa nne, vioo zimepandishwa. Tent ilikuwa imesimamishwa tena, imeinama kama mlevi. Madam amepata viatu, kimoja tu ndicho kilikuwa chake. Akanijia mbio mbio akinong'ona, "Funga! Funga maji, pangusa trough! Tunaanza upya!"

Nikamwambia hapana.

"Nani alikuambia ufungue?"

Kabla nijibu, Gathogo akaingia katikati. "Mkono wa fundi wangu ni mkono wangu. Niandike mimi."

Mimi machozi haikaribiangi kwa hii uso. Lakini kulikuwa na vumbi mingi hiyo siku.

Madam akafunga mwenyewe. Wakachota maji ilikuwa imebaki, wakapangusa trough na kitambaa ya viti, wakatafuta ribbon, wakapata kipande, ile ingine ilikuwa bado kwa pembe. Mgeni akakata. Makofi. Akazungusha valve. Maji ikatoka, drone ikapanda.

Na ng'ombe?

Zilikuwa zimelala huko kando, zimeshiba, zinatafuna. Hakuna hata moja iligeuza shingo.

Mtu wa camera akalia, "Leteni ng'ombe! Ng'ombe!" Yule morani kwa heshima zote akaleta moja, akaisimamisha kwa trough, karibu kabisa na mgeni. Ikaangalia maji. Ikaangalia mgeni. Ikakojoa. Kojo refu, wakuu, ya ng'ombe imeshiba. Viatu vya mgeni vilikuwa vya ngozi nzuri.

Nilicheka mpaka nikaketi. Gathogo pia alicheka, na alikuwa anajua kazi imeenda.

Halafu zikaja hotuba. Mwishoni Madam akasema sasa mama mmoja wa community ashukuru. Akachagua Mama Naisula, juu alikuwa na shanga mingi. Picha, mnaelewa.

Mama akapewa mic. Akaishika mbali kidogo kama nyoka.

"Asante kwa maji," akasema. "Maji ni nzuri. Ng'ombe zangu zimekunywa. Moja iko hapo nyuma ya tent, imelala. Hiyo ilikuwa inangojea mgeni. Mgeni sasa amefika. Mwambie aende aisalimie."

Akarudisha mic.

Watu wakageuka kuangalia nyuma ya tent.

Mgeni akainama kwa Madam aambiwe mama amesema nini. Madam akatabasamu, akasema kwa Kizungu eti mama anashukuru sana na wanyama wamefurahi. "She says thank you very much, and the animals are very happy."

Hapo, wakuu, hasira zangu zote tangu nizaliwe zilipanda pamoja. Nikapiga kelele kutoka nyuma, "Uongo!" Kizungu yangu ni ya YouTube, lakini siku hiyo ilitoka yote. Nikamwambia mgeni, no sir, she say one cow is dead behind the tent, it was waiting for you, you go and greet.

Mgeni akasimama. Sitamsema vibaya hapa. Angeweza kuingia gari aende. Alitembea mpaka nyuma ya tent, na watu wote wakamfuata. Akaiona. Mdomo wa ile ng'ombe bado ulikuwa umelowa na ile maji ya mtungi wetu. Mgeni akatoa kofia.

Akauliza, taratibu, ni nani aliwaambia hawa watu wangoje.

Madam akaangalia chini. MC akaangalia juu. Gathogo akaangalia mimi.

Mama Naisula hana Kizungu, lakini swali kama hiyo haina lugha. Hakuinua hata kidole. Alielekeza kidevu kwa mgeni mwenyewe.

Hivyo tu.

Zile sites zingine hatukupata. Zilipewa watu wengine, na sitawasema, kila mtu anatafuta. Gathogo hajawahi kuniambia hata neno moja kuhusu hiyo. Hata siku yenye tulirudi vyoo vya landlord, aliniambia tu, "Shika huko, vuta." Kwa hivyo mtu yeyote hapa asithubutu kuandika chini ya huu uzi kwamba Gathogo ni mwoga. Alikuwa na watoto wa kulisha na bado alibeba mtungi. Wewe ulibeba nini?

Na ile maji bado iko. Nilipiga simu majuzi kwa yule morani, siku hizi tunaongea, ananiita Askari wa Maji na bado ananicheka. Wamerudisha mambo ya zamu. Kila boma na siku yake kwa trough, vile tu walikuwa wanafanya kwa laga. Hakuna mtu aliwafundisha. Na hawafungi valve na spana.

Funzo langu ni fupi. Ukipelekea watu maji, uliza kwanza wanakunywa aje, na siku gani, na nani anatangulia. Wakikujibu, usicheke ile kucheka ya ofisi. Na maji ikishafika, fungua. Hotuba itapata watu wakiwa wameshiba, na watapiga makofi vizuri zaidi.

Kuna wenye watasema nilikosea, kwamba ningengoja kidogo tupate sites mingi, watu wengi wasaidike. Nimesikia hiyo mara mingi, hata kutoka kwa mtu ninayemheshimu sana kanisani. Njooni tubishane, niko hapa, chaji iko full. Lakini kwanza, nyinyi wa Kieni, Laikipia, Samburu, Isiolo, mpaka Marsabit, niambieni: maji ya kwenu ilifunguliwa na nani, na mlingojeshwa mpaka saa ngapi?